Meza ya Mama Katika Hesabu Zangu

Mama yangu,

Juzi nilitetea tese yangu, tasnifu ya shahada, hapa chuoni Nampula, na nimefaulu. Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa, ila kaka Saide alishapiga simu Palma nzima.

Tese inahusu virusi vya simu, vile vinavyopita hewani kutoka simu hadi simu watu wanapotumiana nyimbo na picha, na hesabu ya kujua kama vitaenea au vitakufa. Ungenicheka. Miaka yote hii chuoni, kumbe nilikuwa naisomea meza yako ya sokoni, ya kuwawekea watu nyimbo kwenye simu.

Unakumbuka tuliporudi Palma, kila mtu akitafuta nyimbo na picha alizopoteza wakati wa kukimbia vita? Wote walikuja kwenye kompyuta yako. Kisha simu zikaanza kutumiana mafaili zenyewe, na picha zikafutika. Watu walilaumu mtandao. Wewe uliijaribu simu yako mwenyewe kwenye kompyuta ile, ukajua ugonjwa unatoka kwako. Kesho yake ulifunga meza, ukaandika kwenye daftari langu la shule majina ya wote uliowawekea nyimbo, ukapita nyumba kwa nyumba. "Simu yako inaumwa, na ugonjwa imeupata kwangu. Nipe niitibu." Bi Atija alikuwa amepoteza picha pekee ya marehemu mumewe. Alikutukana, nawe ukasimama mpaka akamaliza, ukamwomba radhi. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimejifunika uso kwa aibu. Nisamehe.

Hesabu zangu zilinigomea miezi mingi. Nilichukulia kwamba simu zote zinakutana sawasawa. Nilipoweka meza moja inayopitiwa na wote, virusi vikaenea kama vilivyoenea kwetu. Lakini havikufa. Ndipo nikalifungua lile daftari, nikamweka na mwenye meza: anajua, anafunga, anawafuata mmoja mmoja. Hapo kila simu iliyougua ikawa haina hata simu moja ya kuambukiza, na ugonjwa ukaisha.

Saide hakutaka nikutaje. "Mama keshakwenda, unamwandikia kosa la nini?" Tuligombana, tukanuniana wiki nzima. Nikakuandika hivyo hivyo, kwa jina lako kamili.

Siku yenyewe, mwalimu mmoja aliuliza kama mtu wa namna hiyo yupo kweli, au nimembuni ili hesabu zikae sawa. Nikamwambia ni mama yangu, kwamba yeye ndiye aliyeueneza ugonjwa na yeye ndiye aliyeumaliza. Saide, aliyekaa nyuma kabisa, alilia waziwazi. Tangu siku hiyo natembea kifua mbele, Mama, na sioni haya kusema hivyo.

Pumzika, Mola akulaze pema. Kazi ninayoianza ni kubwa, na najua nitakosea. Nakuahidi: siku kosa langu litakapomfikia mtu, sitamngoja aje kuuliza. Nitabisha hodi mlangoni kwake, uso wazi.

Binti yako,
Muanaisha