Kweli ya Ile Insha Yangu

Mama Mghoi, mke wangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku Garissa. Je, baridi ya Wundanyi imepungua? Mama anaendeleaje na mguu wake, na Mghoi kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima. Ila jua likitua haturuhusiwi kutoka nje, na mwalimu niliyekaa naye ameomba uhamisho, akaenda zake. Nakula peke yangu, naongea na sufuria.

Nakuandikia kwa sababu ya ile insha ya masomo yangu ya posta, niliyokutumia nakala. Umesema uliwasomea watu kanisani, wakapiga makofi. Mama Mghoi, mengi mle ni kweli: msafara wa malori kutoka Wajir, mashifta kutufyatulia risasi kutoka vichakani, dereva wetu Abdi, mtu wa Hadado, kupigwa nyongani. Lakini pale niliposema nilitambaa nikamvuta hadi mtaroni, pale nilitunga.

Mimi nilikuwa mtaroni tayari. Yeye alilala kando ya gurudumu, hatua kumi hivi. Akaniita, "Mwalimu, nifute! Nifute!" Wenyeji wa huku v huitamka f, na p huitamka b. Nikajiambia anataka nimfute damu, na hilo laweza kungoja. Lakini nimeishi nao mwaka mzima. Nilimwelewa: alisema nimvute. Nilifumba macho mpaka sauti ikakoma. Askari walipofika, alikuwa ameshakata roho.

Kwenye karatasi nilimpa mkono ambao sikumpa siku ile, na nilivyozidi kuandika nikaanza kuyaamini mwenyewe. Mwalimu mkuu akaisoma insha mbele ya shule nzima. Habari zikamfikia Halima, mjane wa Abdi, akawa ananiletea maziwa ya ngamia kila Ijumaa. "Wewe ndugu yangu sasa," akaniambia. Hakuna mwingine anayebisha mlango wangu, basi nikanyamaza wiki tatu.

Juzi asubuhi nilikwenda kwake nikamweleza yote. Alikuwa akisuka mkeka. Mikono ikasimama. Nikangoja matusi.

"Wakati anaita," akauliza, "aliita jina yangu?"

Ningeweza kumpa hilo, Mama Mghoi. Lilikuwa neno moja tu, na shahidi hakuna.

"Hapana," nikasema. "Aliniita mimi tu."

Akaushika tena mkeka, akasuka. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Enda, mwalimu. Usibite hapa tena."

Wa kanisani nitawaambia mwenyewe nikija likizo. Usijitwishe aibu yangu. Msalimie mama, kaka Mwakio fundi seremala, na shangazi anayekusaidia shambani. Mghoi mwambie babake anamkumbuka.

Ukishasoma, nijibu, hata kama ni mstari mmoja wa hasira.

Ni mimi mumeo, kama bado wanitaka,
Baba Mghoi