Kiti cha Kushoto

Jumatatu, 2 Juni
Nimeosha pikapu, nimepima oili. Bima inaisha Jumamosi. Jumapili navuka kwenda kwa Dada Tamali, kijijini kwetu, upande wa Zambia. Macho yake yamekwisha, sasa kifua nacho. Ametuma neno: nije mwezi huu, nisingoje mwingine.

Jumanne, 3 Juni
Wakala wa bima, binti mpole, ametazama kompyuta muda mrefu. Bima kubwa: bei yake ingenunua pikapu nyingine mbovu kama hii. Bima ndogo, ambayo sheria inailazimisha, nitapata kwa nyongeza. Kadi ya njano, ambayo bila hiyo gari halivuki mpaka, hawatoi nikiendesha mimi.
"Mzee wangu, una ajali nne, na umri umekwenda. Mfumo unakusoma dereva wa hatari."
Nne: mbuzi wa Mlowo, geti la kanisa, taa ya bajaji, na lori lililonigonga nikiwa nimeegesha. Zote niliziripoti polisi siku ileile.
Ameniambia nikimwandikisha dereva mwingine, bei inashuka na kadi inatoka.

Jumatano, 4 Juni
Hasira. Sikula mchana.

Alhamisi, 5 Juni
Jirani yangu Sichone, dereva wa mahindi, amecheka hadi akakaa chini. "Babu, uliripoti mpaka mbuzi? Mbuzi mnamalizana na mwenyewe palepale, mnakula nyama!"
Amegonga mara nyingi kuliko mimi. Hapa watu humalizana barabarani: pole, kitu kidogo, mkono, safari inaendelea. Nimeishi Tunduma tangu ujana na jambo hilo sikujifunza. Kwenye kompyuta Sichone ni safi kama mtoto wa kipaimara.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemwandikisha Sichone. Nimempa funguo. Ni kama kuvuliwa viatu mbele za watu.

Jumapili, 8 Juni
Nimekaa kushoto. Mikono haikujua pa kukaa. Kwenye foleni ya mpaka Sichone amekwaruzana na bajaji. Kelele, kisha vicheko.
"Kaka, tumalizane," Sichone akamwambia mwenye bajaji.
Wamemalizana. Nilikuwa tayari nimeshika mlango nishuke nitafute polisi. Nikauachia. Nilitaka kufika.
Dada amepapasa gari ubavuni, kama afanyavyo kila nikija. Vidole vikasimama.
"Mkwaruzo huu mpya. Ni wewe?"
"Dereva wangu."
"Una dereva?"
Nikamweleza yote, na mbuzi pia. Amecheka mpaka akakohoa. Nimemshika mgongo hadi kikohozi kikatulia. Mgongo umekuwa mwembamba.
"Kumbe katika hao wote," akasema, "mwenye kujua kuendesha ni mdogo wangu."

Jumatatu, 9 Juni
Tumerudi salama. Njiani nimeona shamba la baba, tuliloliacha utotoni tulipohamia kijiji anakokaa Dada. Lina kisima sasa, na miti iliyopandwa kwa mstari. Miaka yote nimepita pale nimeshika usukani, nikitazama barabara.