Mume Wangu Anakaa na Majabali

Shangazi Mwasiti, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nyumbani kwangu hapa Rusimbi kuna jambo sijui nilishike wapi. Mwezi uliopita mume wangu Bonaventura alikwenda harusi ya mpwa wake Dodoma, wenyeji wakampeleka Kondoa kuona michoro ya kale, ile waliyochora watu wa zamani kwa rangi nyekundu kwenye miamba, na tangu arudi si yule niliyemzoea, maana alikuwa mtu wa kelele na mpira, lakini sasa kila Jumapili tukitoka misa anateremka ufukweni Katonga, anavua viatu, anaweka kiganja kwenye jabali na kukaa kimya akitazama ziwa, nami nikimuuliza anasema, "Mama Diana, jiwe hili lilikuwepo kabla yetu sote. Linanituliza." Wavuvi wakamwona, wakamwambia mama yake, na mama mkwe wangu Agnesi akasema mwanawe ameingiwa na pepo huko kwenye mapango, kwa hiyo Jumamosi anakuja na akina mama wa jumuiya kumwombea, na ameniagiza nisimwambie mume wangu asije akakimbia. Sasa tatizo, shangazi, Jumapili iliyopita nilimfuata kwa siri nikalione hilo pepo, nikajibanza nyuma ya jabali, maji yanapiga taratibu, jiwe limepata joto la jua, nikajikuta nimevua kandambili nimelala usingizi, na nilipozinduka Bonaventura alikuwa kando yangu anacheka, tukaongea mambo ambayo hatujawahi kuongea tangu tuoane. Nikimtetea watasema pepo limenipata na mimi, nikinyamaza nitakuwa nimemsaliti. Nifanyeje?

Verediana, Rusimbi

Marahaba, Verediana. Pole, ingawa nimecheka. Wenzako wananiandikia kwamba Jumapili waume zao hawajulikani walipo. Wewe wa kwako, linajulikana hadi jiwe alilokalia, na bado hulali?

Mumeo si mgonjwa. Ameona kazi ya mikono ya watu waliokufa zamani sana, ikamgusa, akarudi kutafuta utulivu huohuo kwenye ziwa la kwao. Misa haachi, nyumba haachi. Aliyeumba ziwa hawezi kumkasirikia mtu kwa kulitazama.

Hapa nakugombeza. Unakula naye sahani moja huku unajua atakavyovamiwa ndani ya nyumba yake. Heshima kwa mama mkwe haifiki huko. Mwambie leo, mkishamaliza kula, na umwambie pia kwamba ulipenda kule ziwani, maana naona hata hilo hujamwambia.

Jumamosi wapokeeni vizuri, pika samaki, mgebuka wa ziwani, waacheni waombe. Maombi hayamdhuru mtu. Wakimaliza, Bonaventura mwenyewe amweleze mama yake alichokiona Kondoa, na wewe ukae upande wake, usijifanye una kazi jikoni. Kisha mchukueni mama mwende naye Katonga. Mtafutieni jabali lisilo na utelezi, mkalisheni, halafu nyie wawili mnyamaze. Asipohisi kitu, mtakuwa mmemtembeza mzazi. Na akikaa kuliko mlivyotarajia, msimharakishe.