Njia ya Ng'ombe na Uzio wa Minyaa

Miyuji,
Dodoma.
11 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Bartolomayo,

Shikamoo mjomba. U mzima huko Njombe, na baridi inakuachia walau upumue? Kile kikohozi cha mwezi wa sita kimekwisha kweli, au umemwambia mama kimekwisha ili asikusumbue? Sisi tu wazima. Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua akichuchumaa. Upepo wa mwaka huu umetukomesha, vumbi hadi kwenye chai.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nakujua mjomba. Kwenye simu ungesema "nitakupigia baadaye", na baadaye yako inafika Pasaka. Tena nina picha mbili za kukuonyesha, nimezichapa na kuzikunja humu humu. Ziangalie ukishamaliza kusoma, si kabla!

Masomo yanaenda vizuri, na sisemi kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Kazi yangu ni kutengeneza kijiji ndani ya kompyuta na kuangalia kinavyojipanga chenyewe. Mimi nimeweka ng'ombe. Kila ng'ombe nampa kanuni tatu tu: mfuate aliye mbele yako, usimkanyage wa pembeni, na ukiona pamekwisha kukanyagwa, pita hapo hapo. Sijamwambia yeyote pa kwenda, wala hakuna kiongozi. Lakini ukiwaacha, baada ya muda njia inatokea, na wote wanaishika kana kwamba serikali ndiyo iliyoichonga. Siku ya kwanza kuiona nilipiga kelele, maktaba nzima ikanigeukia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mdogo wangu Anthony yuko matatani. Tangu mwezi wa tano ng'ombe anaowachunga, wakitoka kunywa maji kwenye birika la kijiji, wanaingia kwenye zabibu za jirani yetu, Mzee Daudi. Safu nne za mizabibu zimelala chini, na mavuno ndiyo haya. Daudi anaapa kuwa Anthony anawaswaga makusudi. Wiki iliyopita walishikana mashati mbele ya watu. Jumamosi tarehe 23 baraza linakaa, na wakimwona ana hatia watamfungia asinyweshe pale tena. Maji mengine ni mwendo wa nusu siku, mjomba. Wale ng'ombe hawataiona mvua.

Nikasema, kumbe dawa ninayo mwenyewe. Nikaingiza kijiji chetu kwenye kompyuta: birika, mashamba, maboma yote. Nikauendesha mchezo huo mara mia mbili. Wapi! Ng'ombe wakaenda zao nyumbani kwa adabu, zabibu hazikuguswa hata jani. Yaani kompyuta yangu ikasema ndugu yangu ni mwongo.

Anthony alipokuja akaangalia skrini, alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, hawa wote umewazaa kwenye boma moja?"

Aibu gani hiyo! Mimi, mtoto wa Mgogo, nimesahau kwamba kwetu hakuna boma lenye ng'ombe wa mwenyewe watupu. Ng'ombe wa kwako wanalelewa kwa jamaa, na wa jamaa wanalelewa kwako. Na ng'ombe aliyehamishwa hasahau alikotoka. Akikutana na wenzake wa zamani kwenye maji, anataka kurudi nao. Nikaongeza hilo tu, nikaendesha tena mara mia mbili. Mara mia na themanini na sita njia ilipita katikati ya mizabibu, bila mchungaji kumswaga yeyote.

Mjomba, kaa vizuri. Wanaoanzisha safari hiyo ni kumi na mmoja, nao ni ng'ombe wako. Ni wale waliokuwa kwa Mzee Fabian, ambao uliagiza wahamie kwa Anthony mwezi wa nne, Fabian alipougua. Wanataka kurudi kwa Fabian. Njia yao iliyonyooka ni ile ya zamani, inayopita kwenye kiwanja chako. Lakini mwaka juzi uliagiza kizungushiwe minyaa. Tulipanda, ikashika, na mwaka huu ikaziba kabisa. Sasa wakikuta pamezibwa wanazunguka, na pa kuzungukia ni kwa Daudi tu.

Picha ya kwanza ndiyo hiyo. Kwenye ya pili nimefungua uzio hatua nane, upande wa mashariki, mbali na pale unapotaka kujenga. Kati ya mara mia mbili, zabibu ziliguswa mara tatu. Msimamizi wangu, Dk. Abdulrahim, amekagua kila kitu na hakupata kosa. Nakwambia kifua mbele, hii ni kweli.

Ila kinachoniuma si hesabu. Anthony alikuwa anajua. Tangu siku ya kwanza alijua ni ng'ombe gani na ni uzio gani. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia Mwenyekiti, alinijibu kwamba mjomba hatajwi barazani, akaendelea kufunga kamba zake. Yuko radhi afungiwe maji kuliko jina lako lisemwe mbele ya watu. Na mimi amenikataza nisipeleke picha hizi barazani bila ruhusa yako. Nililia mjomba, sikufichi.

Basi mpigie Mwenyekiti kabla ya tarehe 23. Sema wewe, kwa mdomo wako, kwamba ng'ombe ni wako, uzio ni wako, na umeruhusu pafunguliwe. Kwako wewe ni dakika tano.

Nisalimie sana nyumbani kwako, Mama Castory na Edina. Huku mdogo wetu Paskazia anakuamkia, na Mzee Fabian anakusalimu, sasa anatembea mpaka uani. Mungu akukinge na baridi hiyo, akupe na wepesi wa kunyanyua simu. Mama ameshanoa panga. Anasema hagusi hata tawi la uzio wa kaka yake mpaka aisikie sauti yako.

Wako akupendaye, wala sipunguzi,
mpwa wako Restuta.