Kikombe cha Tatu

Tokuya, nimekwisha. Nimejifungia kwenye ghala la babu.

Leo mwonjaji, Mzee Sawatari, alikuja kuchagua sake moja, pombe yetu ya mchele, ya kupeleka mashindanoni. Vikombe vitano. Mimi nikamwaga cha tatu, nikajaza maji ya kisima. Nilitaka tu kuona uso wake.

Akanusa. Akazungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo. Kisha akasema, "Safi kama maji."

Kama maji, Tokuya. Akakipa nafasi ya kwanza.

Babu naye akaonja. Babu hajawahi kumeza akionja, siku zote hutema. Leo akameza chote, akanitazama. Amejua.

Lakini angesema ukweli, angemwaibisha mgeni. Basi akainama, akasema kwa upole, "Hii ameitengeneza mjukuu wangu."

Mzee Sawatari akanigeukia. "Kijana, mchele ukikobolewa zaidi ndipo sake huwa safi. Wako uliukoboa kiasi gani?"

Nikajibu, "Wote, mzee. Haikubaki hata punje."

Akaandika. Tokuya, ameandika.

Sasa babu anagonga mlango taratibu, kwa adabu zote: "Fundi, toka. Mgeni anaomba kuliona pipa lako."