Sekunde Tatu za Baba

Jumamosi, 2 Machi 1957

Daftari jipya. Naahidi kuandika yote humu, hata yatakayoniaibisha. Miss Dunn, mwalimu wetu wa sayansi, alikuwa akisema mpimaji akificha kosa moja, vipimo vyake vyote ni vya kutupa.

Kipima tetemeko nilichokiweka stoo kinafanya kazi. Uzito unaning'inia, sindano inachora kwenye karatasi niliyoifukiza masizi ya koroboi, mkebe unazunguka polepole. Kila dakika saa inaisukuma sindano kidogo na kuacha alama. Ndivyo nitakavyojua tetemeko limepita saa ngapi.

Saa saba mchana nilikuwa dukani kwa Bwana Karim. Redio yake ikatoa milio sita ya kutangaza saa kamili. Nikairekebisha saa ya mkono, nikakimbia nyumbani. Saa ya stoo imechelewa sekunde 56. Jumamosi iliyopita, 28. Inapoteza sekunde nne kila siku, haibadiliki. Vizuri. Kabla Miss Dunn hajarudi kwao na kuniachia mashine, alirudia jambo hili mpaka nikachoka: saa ya mashine hairekebishwi. Ukiigusa, hujui tena tabia yake. Unaandika imekosea kiasi gani, basi.

Kuipima kila siku siwezi. Mchana niko shule, jioni kuna kafyu, haturuhusiwi kutoka nje. Jumamosi inatosha.

Jumapili, 3 Machi

Baba amerudi. Miaka sita amekuwa gadi wa treni, nyumbani siku mbili kwa mwezi. Sasa amepewa kazi ya stesheni mjini. Atalala hapa Riruta kila siku. Mama amechinja kuku.

Baba aliomba kuiona mashine. Alisimama mlangoni mwa stoo, kofia mkononi, kama yuko kanisani. Swali moja tu: saa inasema kweli? Nikamwambia hapana, imechelewa karibu dakika nzima. Akakunja uso. Nilifurahi kwamba ameuliza.

Jumanne, 5 Machi

Barua kutoka ofisi inayokusanya habari za matetemeko! Nimeisoma mara nne. Nitume karatasi ya tetemeko lolote la mwezi huu, na wakati wake. Wakati ukiwa sahihi hadi sekunde moja, kituo chetu kitaingia kwenye orodha yao, na msomaji wake ataitwa ofisini likizo ya Agosti kufundishwa kazi. Msomaji wake ni mimi.

Lakini nitapata wapi tetemeko?

Jumatano, 6 Machi

Nimepata. Asubuhi, katikati ya hesabu. Wino ulitikisika kwenye vidau, wasichana wakapiga kelele, mimi nikatabasamu peke yangu. Mwalimu aliniona.

Baada ya shule nilikimbia mpaka nyumbani. Mstari umeruka juu na chini, mzuri sana. Kwa saa ya stoo ni saa 2, dakika 47, sekunde 19. Saa inapaswa kuwa imechelewa sekunde 71. Kwa hiyo ni 2:48:30. Nimepiga hesabu mara mbili. Naona Agosti ile pale.

Jumamosi, 9 Machi

Bwana Karim: "Mtaalamu! Jumatano chai yangu yote ilimwagika mezani. Umeiandika hiyo?" Nikasema nimeiandika. Akasema niongeze jina la duka.

Nilirudi nikicheka. Saa ya stoo imechelewa sekunde 3.

Tatu. Inapaswa kuwa 84. Nilisoma tena na tena. Mtu ameigusa. Lini, sijui. Kwa hiyo wakati wa tetemeko siujui.

Jumapili, 10 Machi

Nimemshtaki Mama. Yeye ndiye anayefagia stoo. Sikuuliza, nilimshtaki. Alikuwa anachambua mchicha, hata hakuinua kichwa.

"Saa yako hata sijui inafunguliwa wapi. Nenda kamhoji kuku, labda ataungama."

Nikaondoka bila kuomba radhi. Nikazitandaza karatasi za wiki nzima. Kwenye ya Jumatatu, baada tu ya saa kumi na mbili asubuhi, alama mbili za dakika zimekaribiana mno, kana kwamba saa ilirukishwa mbele. Niliziona siku ile nikadhani ni masizi. Uzembe wangu.

Saa kumi na mbili asubuhi Mama huwa jikoni. Aliye karibu na stoo ni mmoja tu.

Jumatatu, 11 Machi

Nilisimama nyuma ya mlango wa stoo. Baba aliingia amevaa sare. Akatoa saa ya kazi mfukoni, akafungua kioo cha saa yangu, akausukuma mshale kwa kidole kimoja, taratibu.

Nililia kwa hasira. Alishtuka.

"Lakini binti yangu, si ulisema imechelewa? Kwetu saa ikichelewa, treni mbili zinakutana kwenye reli moja. Niliona mtoto wangu kila wiki anaandika imekosea, imekosea. Nikasema nimsaidie kimyakimya."

Nilikwenda shule bila chai.

Jumanne, 12 Machi

Niliporudi nilikuta kijitabu cha Baba juu ya meza. Kila asubuhi ameandika: tarehe, saa, sekunde alizosukuma. Wiki ya tetemeko, Jumatatu 63. Jumanne 4. Jumatano 3. Mama anasema aliacha maneno haya: gadi hagusi saa bila kuandika.

Nimepiga hesabu upya. Tetemeko lilipofika, Baba alikuwa ameshasukuma 70 kati ya zile 71, kwa hiyo saa ilikuwa imechelewa sekunde moja tu. Wakati ni 2:47:20. Ule wa kwanza ulikosea sekunde 70, na nilikuwa nimeuamini kabisa.

Ila saa ya mfukoni ya Baba ina mishale minene. Anaweza kuwa amezidisha au amepunguza hadi sekunde tatu. Ofisi inataka moja. Nikiandika moja hakuna atakayejua. Nimekaa na kalamu muda mrefu.

Nimeandika tatu.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwomba Mama radhi. Akauliza kama kuku naye nimemwomba.

Asubuhi Baba alisimama mlangoni mwa stoo, mikono nyuma. "Leo imekosea ngapi?" Nikamwambia itajulikana Jumamosi. Akaandika hivyo hivyo kwenye kijitabu chake. Kisha akaichukua barua yangu ili aiposti mjini.

Nimeeleza yote: saa, kidole, kijitabu. Mwisho nimeandika hivi, nanakili hapa nisisahau:

Kituo chetu hakina sekunde moja mnayoitaka. Kina sekunde tatu, na najua kila moja imetoka wapi. Tafadhali nijibuni mara mtakapoipata barua hii: je, mtazipokea?