Neno Nililomwambia Bibi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku tunaendelea, na kuku wako ametotoa.

Mama, kazi uliyonipa ya kumfafanulia Bibi maneno ya daktari nimeivuruga. Daktari alieleza kwamba misuli ya Kitinda imedhoofika mwili mzima, hivyo dawa ya jeni, ya kurekebisha kasoro aliyozaliwa nayo, itapitishwa mshipani, kwa kuwa damu hufika kote. Bibi akaniuliza itabebwa na nini. Nikajibu kama niko darasani: "Na kirusi, Bibi."

"Kirusi? Kwani damu ya mjukuu wangu ni jalala?" Akamfunga Kitinda mgongoni, tukarudi nyumbani.

"Dada profesa, umeniponza!" Kitinda alinitania njiani. Sikuweza kumtazama. Nilitaka tu daktari anisifu.

Jana nilijaribu tena. "Bibi, kirusi hicho kimeondolewa ugonjwa, limebaki ganda. Ni mbeleko tu ya kubebea dawa."

Bibi aliishika mbeleko yake iliyochakaa kwa kumbeba Kitinda.

"Sasa mbona hukusema hivyo?"

Kesho tunarudi kumwomba daktari atupokee tena. Bibi amesema ataongea yeye. Mimi nitashika viatu vya Kitinda.

Kifungua mimba wako, mwenye haya bado.